Chura Si Binadamu Aliyepungukiwa

Fungua daftari la mwanafunzi wa PCB au CBG, michepuo ya sayansi yenye Baiolojia, kwenye mada ya wanyama wenye uti wa mgongo, utalikuta jedwali la safu mbili. Kushoto chura, kulia binadamu. Chura hana mbavu, binadamu anazo. Chura hana diaframu, ule msuli bapa unaotenga kifua na tumbo, binadamu anayo. Moyo wa chura una vyumba vitatu, wa binadamu vinne. Chura hana sikio la nje, hana shingo ya kugeuza kichwa, na haja zake zote pamoja na mayai hupitia tundu moja. Mwanafunzi akilikariri anapata alama zake, lakini kichwani anabaki na picha ya kiumbe aliyenyimwa vitu, binadamu aliyeachwa njiani kabla hajakamilika.

Picha hiyo ndiyo ninayopambana nayo kila mwaka. Ninafundisha Baiolojia kidato cha tano na sita mkoani Morogoro, na kadiri ninavyofundisha ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ulinganisho unaoishia kwenye "hana" haumfundishi mtu habari za chura, wala haumfundishi mwili wake mwenyewe. Kila "hana" inadai swali: sasa anaishije? Mnyama anayekula, anayezaa, anayeimba usiku kucha mvua zikianza, ana kila anachokihitaji. Kazi ileile ameipatia njia nyingine, na ukiifuatilia njia hiyo kwa uvumilivu unajikuta umerudi kwenye mwili wako na swali ambalo hukuwahi kujiuliza.

Kabla ya mkasi

Siku ya kwanza ya zoezi la kumpasua chura siruhusu mkasi ushikwe. Chura yuko hai, ndani ya chombo kinachopitisha mwanga, na kazi ya kundi ni kumtazama na kuandika.

Tunaowatumia ni wale chura wa kawaida wenye ngozi ya vipele, ambao wakati wa masika wanajazana chini ya taa za nje na kwenye mitaro ya maji. Wanafunzi wa bweni huwakamata jioni, wakiwa na glavu. Glavu ni lazima, kwa sababu nyuma ya macho ya chura huyu kuna tezi mbili zilizovimba, zenye sumu nyeupe nzito. Sumu hiyo hushambulia moyo, na kikemia inafanana sana na digoksini, dawa wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo hospitalini. Kuhusu mahali pa kuwakamata nina sheria moja tu isiyojadiliwa: hakuna chura anayeletwa kutoka msitu wa Uluguru. Mule kuna aina zisizopatikana kwingine kokote duniani, na mwanafunzi hawezi kuzitambua kwa tochi usiku.

Basi wanatazama. Baada ya muda mmoja wao husema, "Madam, huyu anapumua kwa koo." Ni kweli. Sakafu ya mdomo inapanda na kushuka bila kupumzika, matundu ya pua yanafunguka na kujifunga, na kila baada ya kitambo ubavu unatanuka mara moja. Hapo ninawaambia wafunge midomo, waweke viganja kwenye mbavu zao na wavute hewa taratibu. Mbavu zinapanda, tumbo linasogea mbele. Sisi tunatanua kifua, diaframu inashuka, nafasi ndani inaongezeka na hewa inaingia yenyewe kuijaza. Chura hana kifua cha kutanua. Anavuta hewa hadi mdomoni, anafunga pua, kisha anainua sakafu ya mdomo na kuisukuma hewa ile mapafuni. Ndiyo maana chura akishikiliwa mdomo wazi hawezi kuyajaza mapafu yake.

Mwaka wa Uviko kila mtu nchini alilisikia jina la mashine ya kupumulia. Ninawauliza wanafunzi: mashine ile inamsaidia mgonjwa kwa njia yetu au kwa njia ya chura? Wanabishana, halafu wanaona. Mashine inasukuma hewa mapafuni, njia ya chura hasa. Zamani, katika karne iliyopita wakati wa magonjwa ya polio huko Ulaya na Marekani, zilikuwepo mashine kubwa zilizomlaza mgonjwa ndani na kukitanua kifua chake kutoka nje, ambazo ziliiga njia yetu. Zikapitwa. Katika chumba cha wagonjwa mahututi leo, binadamu aliyelemewa anapumulishwa kwa kanuni ambayo chura ameitumia tangu zamani za kale.

Kuna jambo jingine linaloonekana kwa macho tu. Tunamwekea mende. Ulimi unaruka, kwa kuwa umeshikwa mbele ya mdomo na ncha yake inaelekea kooni, kinyume cha wetu. Kisha anapomeza, macho yake yanadidimia, yanazama kabisa na kuinuka. Darasa lote hucheka. Sababu ni kwamba chini ya macho hakuna mfupa wa kuyatenga na mdomo, hivyo mboni zinashuka na kusaidia kukisukuma chakula kooni. Chura huyu wa vipele hana hata jino moja. Vyura wengi wa bwawani wana meno madogo ya juu ya kushikilia windo. Huyu hana, naye anashiba. Ukimweka kwenye kitambaa chenye maji anakalia tu na kutulia. Anakunywa hivyo. Ngozi ya chini ya tumbo, karibu na mapaja, ndiyo inayofyonza maji, na kibofu chake cha mkojo ni tangi la akiba: wakati wa ukame anayarudisha maji mwilini kutoka humo. Sisi mkojo ukishafika kwenye kibofu hesabu yake imefungwa.

Moyo

Siku ya pili ni ya kupasua. Anayemuua chura ni mimi, siyo mwanafunzi, na ninaifanya kazi hiyo kabla hawajaingia. Pamba yenye klorofomu, chombo chenye mfuniko, madirisha wazi. Ninasubiri hadi jicho likiguswa halipepesi na kidole cha mguu kikibanwa hakivutwi, kisha ninauharibu ubongo kwa sindano ili hisia isirudi. Mnyama tunayejifunza kwake hapaswi kuumia kwa sababu mwalimu alikuwa na haraka.

Analazwa chali kwenye sinia lenye nta, miguu na mikono imebanwa kwa pini. Ngozi ya tumbo inainuliwa kwa kibano na kukatwa kidogo, ncha ya mkasi ikielekea juu. Inaachia kirahisi mno, na wanafunzi wanashangaa. Wabane ngozi ya mkono wao waone ilivyoshikamana. Ya chura imeshikwa sehemu chache tu, na chini yake kuna mifuko ya limfu. Upande wa ndani wa ngozi hiyo kuna mtandao wa mishipa midogo ya damu, kwa sababu ngozi yenyewe inapumua. Chini yake ni ukuta wa msuli, na katikati, kutoka nyonga hadi kifuani, unapita mstari wa bluu iliyokoza. Ni vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. Mkasi upite pembeni yake. Ukiukata, sinia lote linajaa damu na kipindi kimekwisha. Kisha mfupa wa kifua unakatwa na kuondolewa kwa uangalifu, na ndani ya kifuko chembamba chenye kung'aa unaonekana moyo. Unadunda.

Hapo ndipo maabara inaponyamaza. Kila mwaka kuna anayerudi nyuma hatua mbili na kusema, "Madam, hajafa!"

Swali hilo ninalithamini kuliko mchoro wowote watakaouchora siku ile. Siwajibu haraka. Ninawaambia waminye kidole cha mguu tena, waguse jicho tena. Hakuna jibu. Ubongo haupo. Basi nani anauamuru moyo udunde? Wanataja neva, wanataja ubongo, wanataja "nguvu zilizobaki". Ninaukata moyo na kuuweka kwenye kisahani chenye maji ya chumvi, gramu 7 hivi za chumvi kwa lita moja. Unaendelea kudunda, peke yake, umetengwa na kila kitu. Wakiutazama kwa makini wanaona mdundo unaanzia nyuma, kwenye kifuko chembamba kinachopokea damu kutoka kwenye vena kuu, unapita kwenye vyumba vya juu, ndipo chumba cha chini kinajikaza. Kifuko hicho ndicho kianzisha mdundo.

Binadamu mzima huwezi kumkuta na kifuko hicho kimesimama peke yake. Lakini kijusi cha binadamu kinakuwa nacho katika majuma yake ya mwanzo, kisha kinamezwa na ukuta wa chumba cha juu cha kulia. Na ni hapo hapo, juu ya chumba hicho, ilipo nodi inayoanzisha kila mdundo wa moyo wa kila mwanafunzi aliyesimama mezani. Ndiyo maana moyo unaweza kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, neva zote zikiwa zimekatwa, ukadunda. Ndiyo maana pia kuna mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa na moyo wake bado unadunda, mashine ikiendelea kumpa hewa. Familia zinazosimama mbele ya kitanda cha namna hiyo hukutana na jambo zito ambalo hakuna aliyewahi kuwaeleza. Ningependa wanafunzi wangu walijue mapema, wakiwa na utulivu, mbele ya chura.

Maji yale ya chumvi nayo yana habari yake. Miaka ya 1880, daktari Sydney Ringer wa London alikuwa akitafuta mchanganyiko wa kuufanya moyo wa chura udunde nje ya mwili. Siku moja mioyo ilidunda vizuri kwa muda mrefu, akaja kugundua kwamba maji yaliyotumika kuandaa mchanganyiko yalikuwa ya bomba badala ya yale yaliyosafishwa. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu. Alipotumia maji safi yasiyo na kitu, moyo ulidhoofika. Alipoongeza kalsiamu, ulirudi. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba msuli wa moyo hauwezi kujikaza bila kalsiamu, wetu ukiwemo. Jina lake limebaki kwenye dripu. Muulize muuguzi yeyote wa hospitali ya wilaya kuhusu Ringer lactate, atakuonyesha chupa. Wanafunzi wangu wengi wanataka kuwa madaktari na wauguzi, na hawakujua kwamba dripu aliyotundikiwa mama akijifungua ina asili yake kwenye moyo wa chura.

Vyumba vitatu

Sasa tunafika kwenye "upungufu" unaosemwa kuliko wote. Asubuhi ile ninakuwa nimepita buchani kununua moyo wa mbuzi, kwa sababu umejengwa kwa mpango uleule wa wetu. Tunaupasua kando ya sinia. Kidole kikiingizwa chumba cha chini cha kushoto kinakutana na ukuta mnene mgumu; cha kulia ukuta ni mwembamba zaidi. Katikati pamezibwa kabisa. Kulia damu inakwenda mapafuni, safari fupi. Kushoto inakwenda mwili mzima. Kisha wanautazama moyo wa chura, mdogo kuliko kucha ya kidole gumba, wenye vyumba viwili vya juu na kimoja tu cha chini.

Vitabu vingi vinasema damu yenye oksijeni na isiyo na oksijeni zinachanganyika humo, na vinaishia hapo, mwanafunzi akiachwa na hisia kwamba hii ni kasoro. Hebu tufuate damu. Ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya chura inayokwenda mapafuni inatoa tawi linalokwenda kwenye ngozi. Ngozi inachukua oksijeni, na damu iliyotoka huko inarudi moyoni kwa kupitia vena za mwili, yaani chumba cha juu cha kulia. Kwa hiyo upande wa kulia wa chura, ambao kwetu unabeba damu iliyoishiwa oksijeni, kwake unapokea sehemu yenye oksijeni pia. Kuchanganyika kunamgharimu kidogo kuliko ambavyo kungetugharimu sisi. Zaidi ya hapo, ndani ya chumba cha chini kuna mikunjo ya msuli, na kwenye mshipa unaotoka kuna vali iliyojisokota, ambavyo vinapunguza kuchanganyika huko.

Halafu chura anapiga mbizi. Chini ya maji mapafu hayana hewa mpya, na kuyapelekea damu nyingi ni kupoteza nguvu. Kwa kuwa chumba cha chini ni kimoja, anaweza kupunguza damu ya mapafuni na kuielekeza mwilini na kwenye ngozi. Sisi hatuna uhuru huo. Pampu zetu mbili zimeunganishwa kwa mfululizo. Damu yote inayokwenda mwilini lazima kwanza ipite mapafuni, upende usipende.

Isipokuwa kabla hatujazaliwa. Mtoto tumboni naye yuko ndani ya maji, mapafu yake hayafanyi kazi, oksijeni anaipata kwa kondo la nyuma. Katika ukuta unaotenga vyumba vyake vya juu kuna tundu linalopitisha damu kutoka kulia kwenda kushoto, na kuna mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na ateri kuu. Damu nyingi inayakwepa mapafu. Akilia kwa mara ya kwanza, shinikizo linabadilika, tundu linafungwa, na mshipa ule unajikaza na kuziba ndani ya siku chache. Kila mmoja wetu amewahi kuwa na moyo uliochanganya damu, na ulimfaa kabisa kwa maisha aliyokuwa akiishi wakati ule. Kwa watoto wengine njia hizo hazifungi, au ukuta wa vyumba vya chini haukamiliki, na hao ndio tunaowaona kwenye taarifa ya habari wakifanyiwa upasuaji pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Msichana mmoja darasani mwangu aliposikia hayo aliniambia mdogo wake alikuwa mmojawapo. Alikuwa amesikia nyumbani maneno "tundu kwenye moyo" tangu utotoni. Siku hiyo aliuliza maswali hadi kengele ikalia, akanifuata hadi ofisini.

Yaliyobaki tumboni

Mfumo wa chakula ninaupitia kwa kasi, kwa sababu hapo tunafanana mno. Ini, kifuko cha nyongo cha kijani, tumbo lililopinda, kongosho, utumbo mwembamba, wengu mdogo mwekundu wa mviringo. Mwanafunzi anayevitambua hivi kwa chura atavitambua kwa mbuzi wa Idi. Vidole vya njano juu ya figo ni mafuta ya akiba. Kwa chura aliyekamatwa mwishoni mwa kiangazi huwa vimesinyaa.

Mahali pa kutulia ni pembeni ya korodani za dume. Chura wa jamii hii ana kiungo kidogo cha rangi hafifu mbele ya kila korodani, ambacho ni chembechembe za ovari isiyokua. Korodani zikiondolewa, kiungo hicho kinaweza kukua na kuwa ovari kweli. Wanafunzi hawaamini. Ninawakumbusha kwamba kijusi cha binadamu, hadi majuma sita hivi, kina mirija ya pande zote mbili, ya kiume na ya kike, ndipo njia zinapoachana.

Na kuhusu homoni, hakuna mfano unaonipendeza kuliko wa chura wa Afrika Kusini, Xenopus laevis. Kuanzia miaka ya 1930, kutokana na kazi aliyoianzisha mwanabaiolojia Lancelot Hogben akiwa Cape Town, mwanamke aliyetaka kujua kama ana mimba alipeleka mkojo wake maabara, ukadungwa kwa chura jike, na kama kesho yake chura ametaga mayai, jibu lilikuwa ndiyo. Hospitali za nchi nyingi zilifuga chura hawa kwa kazi hiyo hadi miaka ya 1960. Homoni ya mimba ya binadamu ilieleweka moja kwa moja kwenye ovari ya chura. Kipimo cha kununua duka la dawa leo kinatafuta homoni hiyohiyo.

Mkono, na utando wa mguu

Mifupa tunaiangalia siku nyingine. Mfupa mmoja juu, miwili chini, kisha kiganja na vidole: mpango ni mmoja. Lakini ile miwili ya chini, kwa chura imeungana kuwa mmoja. Ninamwambia mwanafunzi ashike mkono wake wa kulia karibu na kiwiko, kisha ageuze kiganja juu, chini, juu. Anahisi mfupa mmoja ukizunguka juu ya mwingine. Kwa mzunguko huo tunakaza skrubu, tunapokea chenji, tunasonga ugali. Chura hawezi kukigeuza kiganja. Yeye anaruka na kutua kwa mikono, na mkono wa kutulia unahitaji uimara. Mguu wake wa nyuma umeongezewa urefu kwenye mifupa ya kifundo, ndiyo maana anaonekana kuwa na kiungo cha ziada. Ni kifundo kilichorefuka, tena kimerefuka kwa ajili ya kuruka.

Utando wa mguu nao sitauacha kamwe, maana kipindi hiki hakiui mtu wala chura. Tunamkamata chura wa bwawani mwenye utando mpana kati ya vidole, tunamfunga kwa kitambaa kibichi, mguu mmoja ukiwa nje, na kuutandaza utando chini ya hadubini. Mwanafunzi anainamia, anarekebisha lenzi, kisha anapiga kelele. Damu inatembea. Chembe za mviringo uliorefuka zinapita mojamoja kwenye kapilari, yaani mishipa myembamba kabisa ya damu, zinabanana kwenye kona, zinasimama, zinaendelea. Kila chembe nyekundu ina kiini chake, zetu hazina. Mwaka 1628 daktari William Harvey wa Uingereza alikuwa ameshaeleza kwamba damu inazunguka, lakini hakuona inavukaje kutoka ateri kwenda vena. Mwaka 1661 mtafiti Marcello Malpighi, huko Bologna, Italia, aliziona kapilari kwenye pafu la chura. Kipande kilichokosekana katika elimu ya mwili wa binadamu kilipatikana kwa chura, na mwanafunzi wa Morogoro mwenye hadubini ya kawaida anakiona kwa dakika tano. Baadaye chura anarudishwa bwawani.

Kipindi hiki kimenisaidia pia kwenye suala la dhamiri. Mwanafunzi mmoja alinijia kabla ya siku ya kupasua akasema, "Madam, madrasa tulifundishwa kwamba Mtume alikataza kuua chura." Ninaifahamu hadithi hiyo, inasimuliwa kwamba tabibu alitaka kumtumia chura katika dawa, akakatazwa. Nilimwambia, "Mwanangu, hutakosa kitu." Alifanya kazi ya utando, akafanya moyo na mapafu ya mbuzi kutoka buchani, na viungo vya chura akavisoma kwa picha nilizopiga kwa simu. Picha hizo sasa ni nyingi na nzuri, na zimepunguza idadi ya chura tunaowahitaji. Chura mmoja kwa kundi zima anatosha, kama kundi linajua linachokitafuta. Mwalimu anayeagiza chura mmoja kwa kila mwanafunzi kisha akaacha nusu yao watupwe bila kufunguliwa anafundisha jambo baya, hata kama hakulikusudia.

Chura anayezaa

Safu moja ya jedwali ninaifuta kabisa ubaoni: "chura hutaga mayai majini, binadamu huzaa." Kwa chura wengi ni sahihi. Lakini mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi chini ya milima ya Udzungwa, walipatikana chura wadogo wa njano wasiozidi sentimita 3, wakiishi kwenye rasharasha za maporomoko tu, eneo la takriban hekta 2. Jina lao la kisayansi ni Nectophrynoides asperginis. Hawatagi. Mbegu inaingia ndani ya mwili wa jike, na wanaozaliwa ni vichura kamili, bila kupitia kiluwiluwi cha kuogelea. Wana jamaa zao katika milima yetu ya Tao la Mashariki wanaozaa vivyo hivyo.

Maji ya Kihansi yalihitajika kwa umeme, megawati 180. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikapungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 karibu chura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama, na korongoni vikafungwa vinyunyizio vya maji. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi nao ukaonekana huko, na kwa mnyama anayepumua na kunywa kwa ngozi, ugonjwa wa ngozi ni ugonjwa wa mapafu, figo na moyo kwa pamoja. Mwaka 2009 walitangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka 2010 kizazi chao kilirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Mjadala unaofuata darasani ni mkali, na sijaribu kuuzima. Mwanafunzi aliyekulia kijiji kisicho na umeme ana haki ya kusema anachosema, na yule anayemtetea chura naye amekuja na hoja za ngozi na rasharasha alizozipata mezani kwetu. Mwaka huu wameomba wakawaone. Barua ya kuomba kutembelea chuo nimeshaiandika, iko mezani kwa mkuu wa shule, na wazazi wawili wameahidi kuchangia mafuta ya basi. Tukikubaliwa, tutakwenda kabla ya likizo ya Juni.